Bi Mizani wa Ng'ambo ya Ukuta

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha ushairi, mwenzetu ambaye wanafunzi humwita Bi Mizani anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Mwalimu mkuu ameniomba niandike wasifu huu mimi, mwalimu wa sarufi wa chumba cha jirani. Angejua, angemwomba mtu mwingine. Nimemwonea mwanamke huyu wivu tangu wiki niliyoripoti kazini, na sioni aibu kusema.

Chanzo ni ukuta. Kati ya darasa lake na langu kuna mbao nyembamba tu. Upande huu nafundisha ngeli, watu wanasinzia. Upande ule wanahesabu mizani kwa kugonga madawati: nane, wanavuta pumzi, nane tena, kisha kicheko. Nikigeuka kutoka ubaoni nakuta vidole vya wanafunzi wangu navyo vinagonga. Jamani! Hata binti yangu wa kumzaa, alipofika kidato cha tatu, nyumbani ikawa Bi Mizani kasema hivi, Bi Mizani kasema vile. Mama yake akicheka, mimi chakula hakipiti.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa mwaka hadi mwaka, na tembo likazidi kukolea. Walioogopa ushairi kama sindano walitoka kwake wakitunga. Vikaoni hakumwacha hata mhasibu, akimlalamikia kwamba taarifa yake ina vina vya mwisho lakini vya kati vimepotea.

Mwezi uliopita niliambiwa vipindi vyake nitavirithi mimi. Nikafurahi kidogo, kisha nikaanza kujiuliza. Itakuwaje darasa lile likinyamaza mikononi mwangu? Nikamwomba akae nyuma, nijaribu kipindi kimoja.

Shairi lilikuwa la mama anayemwita mwanawe, na kila ubeti unafungwa na mstari uleule: Rudi nyumbani mwanangu, chakula kimeshapoa. Nilichambua mizani, vina vya kati, vina vya mwisho, na sikukosea popote. Msichana mmoja akauliza kwa nini mama anarudia maneno yaleyale. Nikamjibu kama kitabu, kwamba ni kusisitiza. Akaandika, akapiga mwayo.

Bi Mizani akanyoosha mkono kule nyuma, kama mwanafunzi, akaomba kuongeza jambo. Akasema mama anarudia kwa sababu mtoto hajaja. Angekuja ubeti wa kwanza, shairi lingeishia hapo. Darasa zima likamgeukia. Roho iliniuma, maana nilitaka maneno yale yawe yangu.

Dada, ahsante kwa kelele zote za ng'ambo ile. Tunakuombea afya, usingizi mtamu wa asubuhi na wajukuu wasumbufu. Darasa lako nalichukua, na wivu wangu naubeba vilevile. Basi nakuaga kwa mizani yako, hesabu mwenyewe:

Ukipita njia hii, mwenzangu ingia ndani.
Ukipita njia hii, mwenzangu ingia ndani.

Nitarudia mpaka uje.