Dakika Saba za Mama Kioo

Wasikilizaji wapendwa, kama umebandika kitu jikoni, punguza moto. Kama uko kazini, sogeza redio karibu. Leo namkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu hamkumjua, na mimi mwenyewe nilidhani simjui. Kumbe nilikuwa namjua. Nitafika huko, msiniharakishe.

Alikuwa mfanya usafi. Kwa miaka ishirini na tisa alifuta vioo, meza na sakafu katika jengo moja la ofisi. Ghorofa saba, lifti moja, na hiyo lifti mbovu. Wenzake walimwita Mama Kioo. Jina lilianza siku mkurugenzi mmoja alipogonga paji la uso kwenye mlango wa kioo akidhani uko wazi. Mama Kioo akaitwa ajieleze. Akasema, "Bosi, ulitaka niuache mchafu ndiyo uuone?" Mkurugenzi alicheka huku kashika barafu usoni, na jina likabaki.

Alikuwa na mtoto mmoja. Mmoja tu, binti, na huyo binti alikuwa mkunga. Baba wa mtoto aliondoka zamani kwa miguu yake mwenyewe, na Mama Kioo hakuwa mtu wa kusimulia habari za walioondoka. Alimsomesha binti peke yake, kwa ndoo na kitambaa.

Sasa sikilizeni. Miaka minne iliyopita binti alimjia mama yake na habari. Kuna kipindi cha afya kwenye televisheni, kila Alhamisi saa kumi alasiri. Wamemwalika azungumzie uzazi. Atazungumza dakika saba. Zikumbukeni hizo dakika saba, wasikilizaji, maana habari yote ya leo imo humo.

Mama Kioo alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Halafu akakaa kitako. Televisheni yake ilikuwa ya antena ya waya, na chaneli ile haikamatwi na antena. Ilitaka dishi. Na saa kumi alasiri yeye yuko zamu, ghorofa ya nne, na kitambaa mkononi. Aliomba ruhusa. Msimamizi wake akamwambia, "Mama, kila mtu ana mtoto." Jamani! Mtu na akili zake anasema neno kama hilo.

Kwa hiyo alihitaji vitu viwili. Dishi lenye chaneli ile, na king'amuzi kinachorekodi. Akaongeza cha tatu, kwamba picha iwe ang'avu, zile za ubora wa juu. Mdogo wake, ambaye ni mshonaji, alimuuliza ya nini. Akajibu, "Nataka nione mpaka kidoti chake cha shavuni. Nimemzaa mimi, nisije kuonyeshwa ukungu."

Aliyazunguka maduka wiki mbili. Duka la kwanza, muuzaji akamrukia mlangoni: chaneli mia na hamsini, mama! Mama Kioo akamwambia, "Mwanangu, mimi nataka moja." Hawakuwa nayo. Duka la pili walikuwa nayo, ila king'amuzi chao hakirekodi. Wakamwambia asijali, angoje marudio. Akauliza, "Marudio lini?" Wakatazamana. Akachukua mkoba wake akatoka.

Mdogo wake alimtania, "Dada, mchagua jembe si mkulima." Akajibiwa papo hapo, "Sawa, mimi si mkulima. Mimi ni mfutaji."

Duka la tatu aliketi kwenye kiti cha plastiki, akakataa kuinuka mpaka wamwonyeshe chaneli ile kwa macho yake. Wakamwonyesha. Akauliza swali ambalo wale wauzaji wanalisimulia hadi leo: "Nikiwa sipo, kinaangalia chenyewe?" Muuzaji akacheka. "Ndiyo, mama. Kinakuangalilia."

Lakini kuuliza si ujinga, na Mama Kioo alitaka kuuliza mara moja zaidi. Akapiga simu redioni.

Hapa ndipo ninapoingia mimi, wasikilizaji wapendwa. Wakati ule nilikuwa na kipindi cha ushauri wa vifaa vya nyumbani, kabla hakijaondolewa, na kuondolewa kwake sikulii. Mama mmoja akapiga. Sauti nzito kidogo, yenye kicheko ndani yake. Akaniambia anachagua kati ya kampuni mbili za dishi, hii ina king'amuzi rahisi kisichorekodi, hii ina kinachorekodi picha ang'avu. Nikamtania, "Mama, kwani unafungua ukumbi wa sinema?" Akacheka. Akasema, "Binti yangu atatokea dakika saba." Mimi macho yangu yako kwenye saa, tangazo linangoja. Nikamwambia, "Mama, chukua kinachorekodi. Hutajuta." Nikaenda kwenye tangazo.

Hutajuta. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Alikichukua. Alidunduliza, akakichukua. Fundi wa madishi akaja, akapanda juu ya bati, akazungusha dishi hadi picha ikatulia. Jumapili binti akaja mwenyewe, akashika rimoti, akaenda kwenye kile kipindi cha Alhamisi, akabonyeza kitufe chekundu. Kioo kikauliza: kipindi hiki kimoja, au vyote vya kila wiki? Binti akachagua vyote. "Mama, usije ukakosa." Alifanya hivyo kwa mapenzi. Nawaomba mlikumbuke hilo nalo.

Alhamisi ile Mama Kioo alirudi nyumbani kutoka kazini na aproni bado kiunoni. Hakuvua viatu. Akabonyeza alivyofundishwa, na binti yake akatokea kwenye kioo, na mwanya wake, na kidoti chake. Katikati ya zile dakika saba, mtangazaji alimuuliza kazi alifundishwa na nani. Binti akacheka, tena kile kicheko cha kurudisha kichwa nyuma, akasema: "Mama yangu. Aliniambia, kabla hujamshika mtoto wa mtu, nawa mikono."

Mama Kioo alilia. Mdogo wake anasema, "Alilia huku anaifuta televisheni."

Miezi mitano baadaye binti aliugua. Aliugua siku sita. Siku ya saba wakamzika.

Sina la kupamba hapo.

Simu ya binti ilikuwa na namba ya siri aliyoijua yeye peke yake. Picha za ukutani zipo, lakini picha haisemi. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya king'amuzi kile cheusi chini ya televisheni. Mahali pamoja. Kila siku, akitoka zamu na kumaliza kula, Mama Kioo alikaa akamwangalia binti yake dakika saba. Mara moja tu kwa siku. Mdogo wake alimuuliza kwa nini asirudie. Akasema, "Nikimsumbua mara mbili atachoka."

Wasikilizaji wapendwa, ikapita karibu nusu mwaka hivyo. Halafu picha zikaanza kukwama. Binti anafungua mdomo, anaganda. Mama Kioo anagonga king'amuzi kwa kiganja, binti anaendelea. Kumbe kumbukumbu ya mashine ilikuwa imejaa. Mnakumbuka kile kitufe? Kipindi cha Alhamisi kilikuwa kinarekodiwa kila wiki, wiki hadi wiki, na hakuna aliyekuwa anakiangalia.

Akampigia fundi yule yule. Fundi huyu ni mtu mzima, baba wa watoto wanne, mtu muungwana. Nimezungumza naye, na ameniruhusu niseme. Alifika mchana, kabla ya zamu ya mama. Akakivuta king'amuzi kutoka kwenye kabati. Nyuma yake kulikuwa na vumbi. Mama Kioo aliliona lile vumbi, na aibu ikamshika. Yeye! Wa miaka ishirini na tisa! Akakimbilia jikoni kuchukua kitambaa, na chai ya mgeni iko motoni.

Fundi akawasha, akaona mashine imejaa pomoni. Akapaza sauti: "Mama, imejaa hii! Nifute?"

Jikoni kukajibu: "Futa mwanangu, futa! Naona haya hata kukutazama!"

Fundi akapita kwenye menyu. Kioo kikauliza: Futa zote? Ndiyo au Hapana. Na yule fundi, Mungu amwone, akauliza mara ya pili. "Zote, mama?"

Labda maji yalikuwa yanachemka. Labda alisikia "yote". Mama Kioo akajibu kama anavyojibu mtu anayeijua kazi yake: "Yote! Mpaka kwenye pembe. Usiniachie hata chembe."

Fundi akabonyeza Ndiyo.

Mama Kioo akatoka jikoni na kitambaa mkononi, kimeloweshwa na kukamuliwa. Akamnyooshea. "Kitambaa hiki hapa, fundi."

Fundi ameniambia hivi, nayasema maneno yake kama yalivyo: "Nilikitazama kile kitambaa. Nikakitazama kioo. Nikasema, mama, ulikuwa unasema vumbi?"

Neno ni lile lile, wasikilizaji. Unafuta meza, unafuta vumbi, unafuta machozi, unafuta na sauti ya mtoto wa mtu. Neno moja.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mafundi watatu walikifungua king'amuzi kile, wakakifunga. Kampuni ya dishi ikamjibu kwenye simu, "Mama, kilichofutwa kimefutwa." Kituo cha televisheni kikamwambia vipindi vya zamani hawavihifadhi. Na fundi wetu akaja kuomba radhi, amepiga magoti sebuleni. Mama Kioo akamwinua akampa chai. Akamwambia, "Wewe uliuliza. Mara mbili uliuliza. Aliyesema yote ni mimi."

Tangu siku ile hakulitamka tena neno futa. Alisema pangusa. Pangusa meza, pangusa mlango, pangusa kioo. Wenzake kazini walidhani ni mzaha, wakacheka. Siku moja wakamkuta amesimama kwenye dirisha la ghorofa ya nne, kitambaa kimemkaukia mkononi, dirisha chafu. Mwezi uliofuata akaacha kazi.

Kwa miaka miwili na zaidi alikuwa na kazi nyingine, nayo ilikuwa kuishika sauti isimtoke. Alimwambia mdogo wake, "Sura ninayo. Sauti ndiyo inaniponyoka." Aliwauliza majirani, aliwauliza wakunga waliofanya kazi na binti: alikuwa anachekaje? Watu walijaribu kumwigiza. Mdogo wake naye alijaribu, siku moja, akarudisha kichwa nyuma akacheka. Anasema, "Dada aliniangalia akasema, hapana, siyo. Tukalia wote wawili, na tangu hapo sikujaribu tena."

Jumanne iliyopita Mama Kioo alifariki nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na minane. Mdogo wake alikuwa amemshika mkono. Amenisimulia neno la mwisho. Lilikuwa swali. "Aliniuliza, mdogo wangu, alisema nawa mikono, au osha mikono? Nikamwambia, nawa, dada. Akafumba macho. Lakini nakuambia ukweli, mtangazaji, sikuwa na hakika. Hata sasa sina."

Baada ya mazishi huyo mdogo wake alinipigia. Hakuniomba salamu za rambirambi. Alisema, "Dada yangu aliwahi kuzungumza na wewe redioni, akafurahi wiki nzima. Sisi hatuna sauti yake. Hebu nitafutie." Ndipo nikamkumbuka. Kicheko, ukumbi wa sinema, hutajuta.

Nikaenda kwa fundi mitambo wetu. Akafungua jalada. Redioni hapa, kila baada ya siku tisini, mwenye kipindi huletewa orodha ya vipindi vya zamani. Akitaka nakala achukue. Asipotaka, anatia sahihi vifutwe. Fundi mitambo akanionyesha karatasi ya mwaka ule. Kipindi kile kimo, mstari wa kumi na moja. Chini kuna sahihi. Sahihi ni yangu. Sikumbuki kuisoma orodha ile. Huwa nasaini nikiwa nimesimama, na kikombe mkononi.

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na wangu amekuja kunikalia mapajani.

Kwa mdogo wake Mama Kioo, pole sana, dada yangu. Kwa ukoo wote, kwa wafanya usafi wa lile jengo la ghorofa saba, kwa wakunga waliofanya kazi na binti yake, poleni. Na wewe fundi, najua unasikiliza, uliniambia utasikiliza. Pole na wewe. Uliuliza mara mbili, baba. Mimi sikuuliza hata mara moja.

Na wewe msikilizaji, sina hekima ya kukupa. Nina ombi tu. Leo mtu akikuuliza "nifute?", weka chini ulichokishika, nenda ulipo mkono wake, utazame kwanza kabla hujajibu.

Mdogo wake Mama Kioo ameniomba nakala ya kipindi hiki, akiweke nyumbani, juu ya kile king'amuzi cheusi. Nitampelekea kesho kwa mkono wangu. Atakisikiliza mwanzo hadi mwisho, wasikilizaji wapendwa, na humo ndani atakuta sauti yangu tu.