Kagwiria na Sakafu ya Rangi Mbili

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya kuweka vigae katika nyumba za watu kuanzia Karatina hadi Nanyuki, Bi. Kagwiria Miriti anastaafu. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe mosi Januari. Marehemu mamake alisema ilikuwa msimu wa kuvuna mahindi. Yeye mwenyewe anasema hajui, na ofisi nayo haijui, kwa hiyo tumekubaliana na kitambulisho.

Alikuja Nyeri kutoka Nkubu akiwa na mtoto wake Kendi mgongoni, na ndiyo maana wengi wetu tunamwita Mama Kendi. Aliajiriwa na kampuni yetu kusafisha vigae baada ya mafundi kumaliza kazi. Siku moja fundi mmoja hakufika kazini pale Kiganjo, Kagwiria akashika mwiko, na kufikia jioni msimamizi alikuwa amesahau ni nani ambaye hakufika. Tangu hapo ameweka sakafu za makanisa, za maduka na za jikoni nyingi mno. Amefundisha mafundi ambao leo ni washindani wetu, na wakikwama bado wanampigia simu yeye.

Lakini niliyeombwa kuandika haya ni mimi, Wamae, niliyekuwa msimamizi wake kwa muda mrefu, na nikisema Kagwiria mimi hukumbuka nyumba moja tu. Ni nyumba ya Mzee Gathogo na mkewe, Mama Shiro, kule Naro Moru.

Wazee hawa walitaka kuuza nyumba wahamie Kagio kwa binti yao. Baridi ya mlimani ilikuwa imemkalia Mama Shiro kifuani, na daktari alikuwa amesema asipitishe msimu mwingine wa mvua pale. Mnunuzi wa kwanza alikuja, akaangalia sebule, akaondoka. Grauti, ile saruji laini inayojaza mianya kati ya vigae, ilikuwa ya rangi mbili. Upande wa dirishani ilikuwa kijivu hafifu, upande wa bafuni kijivu cha kukaribia weusi. Mnunuzi alisema sakafu imewekwa viraka. Mzee Gathogo aliapa kwamba fundi alikuwa mmoja na siku ilikuwa moja.

Tukaitwa sisi. Kagwiria alikwangua grauti yote, akachanganya mpya kwenye ndoo moja, akajaza sebule nzima. Tuliporudi imekauka, ilikuwa ya rangi mbili.

Tukalaumu mchanganyiko. Akakwangua tena, akafungua mfuko mwingine wa duka lingine. Rangi mbili. Mimi nikalaumu jua la dirishani, fundi mwenzetu akalaumu sabuni, na Mzee Gathogo akaanza kututazama kama watu waliokuja kujifunzia kwake. Kagwiria alizunguka chumba kile akiwa amevua viatu, akainama, akainuka, akasema, "Wamae, mimi sielewi. Kama wewe unaelewa, niambie." Sikuelewa.

Mara ya tatu alibadilisha mbinu. Upande wa bafuni akaweka grauti nyeupe zaidi, ili ikikolea ifanane na ile ya dirishani. Ilikubali! Sakafu ikawa moja, Mama Shiro akatupikia chai na nduma, tukaenda nyumbani.

Baada ya muda si mrefu Mzee Gathogo akapiga simu. "Fundi, mumenifanyia nini? Sasa ni upande wa bafu iko nyeupe!"

Tulipata nafasi ya kwenda siku mbili baadaye. Tukaingia sebuleni. Sakafu ilikuwa ya rangi moja, safi kabisa. Mzee alisimama katikati ya sebule na kofia yake mkononi. "Ilikuwa nyeupe," akasema. "Ata Mama Shiro aliona." Nilimtazama Kagwiria, naye akatazama chini. Nakiri nilidhani ni uzee.

Mama Shiro alikuwa mlangoni, amejifunga shuka mbili. "Si ni ile wiki maji ilipotea?" akasema. "Ilirudi juzi, na sakafu ikarudi."

Kisha Kagwiria akaomba mifereji yote ifungwe, akatoka nje hadi kwenye mita ya maji. Tukamfuata. Mifereji ilikuwa imefungwa yote, na mita ilikuwa ikizunguka taratibu. Bomba lilikuwa limepasuka chini ya sakafu. Upande wa bafuni ulikuwa ukikauka tu maji yalipopotea, ndiyo maana kila grauti tuliyoweka pale ilikuwa giza.

Sasa sikilizeni mahali ambapo mambo yalikuwa magumu. Mnunuzi wa pili, mwalimu aitwaye Wacera, alikuwa anakuja Jumamosi. Maji yakiwepo, sakafu ilionekana nzuri. Hatukuhitaji kufanya lolote. Mzee Gathogo alilijua hilo kabla yetu.

"Mama Kendi, wewe wacha tu vile iko," akasema kwa sauti ya chini. "Unaona vile Mama Shiro anakohoa."

Kagwiria alimwona. Wote tulimwona. Nilijua pia kwamba mamake Kagwiria alikufa kwa kifua hicho hicho, na nikangoja nisikie atasema nini. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni. Akasimama, akakusanya vifaa vyake. Nikadhani tunaondoka. Akavirudisha chini.

"Mzee, mimi sijui kama nafanya vizuri," akasema. "Lakini huyo mwalimu atalala hapa na watoto, na hii unyevu itamshika kifua vile vile. Siwezi."

Mzee akageuka kwa hasira. Aliyemaliza mjadala ni Mama Shiro mwenyewe. "Gathogo, wacha achimbe," akasema, na akaingia chumbani kulala.

Tulimwita Mwai, fundi wa mabomba. Jumamosi Wacera alipofika, alikuta vigae vimerundikwa ukutani na shimo sebuleni, Mwai akiwa ndani hadi kiunoni. Kagwiria alimweleza kila kitu, mwanzo hadi mwisho. Wacera alisikiliza, akachungulia shimo, akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Mzee Gathogo hakutusalimia wiki nzima. Kagwiria alifanya kazi yote iliyobaki, na zaidi ya mara moja aliniuliza kama amewaharibia wazee wa watu.

Sakafu ilipokauka na kujazwa upya, Wacera alirudi na mumewe. Alisema alikuwa ameona nyumba nyingi mwaka ule, na ile ndiyo pekee aliyoonyeshwa mpaka chini ya vigae. Wakanunua. Wazee walihamia Kagio kabla ya mvua, na kila Krismasi gunia la mchele hufika ofisini likiwa limeandikwa jina la Mama Kendi kwa mwandiko wa Mzee Gathogo.

Kagwiria sasa anarudi Nkubu, kwenye nyumba yake mwenyewe ambayo, amini usiamini, bado ina sakafu ya saruji tupu. Vigae amekwisha kununua. Wiki iliyopita alikuja ofisini na vipande viwili vya grauti, kijivu na rangi ya maziwa, akatuuliza achague ipi. Tulibishana hadi chai ikapoa. Alitusikiliza wote, akatikisa kichwa, akasema tumemchanganya zaidi kuliko alivyokuja.

Mama Kendi, asante kwa kila chumba. Nenda ukapumzike, uishi miaka mingi yenye afya na amani, na weka rangi yoyote utakayo. Hata ukiweka zote mbili, tutakuja tuvue viatu mlangoni.