Des Pengelly na Daraja la Kijito cha Tarrin

Kwa masikitiko makubwa, Halmashauri ya Jiji la Marlock inawatangazia wakazi wote kwamba kuanzia Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, birika la chai la karakana halitakuwa na mwenyewe. Desmond Pengelly anastaafu baada ya miaka thelathini na minne, na hakuna mwingine anayejua mahali pa kulipiga kofi ili lichemke.

Des alipoajiriwa, nusu ya jiji hili ilikuwa bado mashamba ya mapeasi. Halmashauri tatu zilipounganishwa kuwa moja, alitumwa kung'oa vibao vya majina ya zamani. Cha kitongoji cha Hockingdale aliking'oa Jumatatu, Jumatano akakikuta kimesimama palepale. Mara nne! Mkosaji, Bibi Merle Hocking, alimngoja getini.

"We Des, jina hilo aliliweka babu yangu. King'oe tena, uone kama utaonja keki yangu ya nazi."

"Bibi Merle, mimi nimetumwa tu."

"Basi mwambie aliyekutuma aje na sururu yake mwenyewe."

Aliyemtuma nilikuwa mimi, karani wa vikao, ambaye sururu naijua kwa picha. Kibao kipo hadi leo. Kwenye majalada yetu, kiling'olewa.

Mwaka 2011 Bibi Merle alikusanya saini sitini na moja kuomba lango la kufunga barabara kwenye daraja la chini la Kijito cha Tarrin, ambalo maji hulipanda mvua ikizidi. Des alizileta mwenyewe mezani kwangu. Kwa desturi yetu, maombi ya wananchi hulazwa mezani hadi kikao kijacho. Nikayalaza. Siku tisa kabla ya kikao, gari la Bibi Merle lilisombwa pale, naye akafia ndani yake.

Ripoti ilisema mfanyakazi alichelewa kufunga barabara. Des akavuliwa unyapara wa kikosi cha barabara, akakata nyasi za viwanja kwa miaka kumi na mitatu. Wapo Hockingdale ambao hawajamsalimu tangu siku hiyo.

Sasa niseme kilichotokea. Asubuhi ile Des alinipigia simu akiwa darajani, vizuizi vimo garini.

"Maji yanapanda. Nafunga."

"Usifunge, bwana. Mhandisi hajatia saini kibali. Watatukaanga sote."

"Basi mtafute, upesi!"

Nilimtafuta dakika arobaini. Des alisimama upande wa mashariki, akirudisha magari kwa mikono mitupu. Bibi Merle alikuja kutoka magharibi, akienda kanisani. Des akapunga mikono yote miwili, akapiga kelele. Yule mama alidhani anasalimiwa. Akampungia naye, akaingia majini.

Wachunguzi walipouliza kwa nini barabara haikufungwa, nilitazama viatu vyangu. Des alinitazama mimi, akasema hana la kuongeza. Hajawahi kunidai neno lolote.

Leo asubuhi nimempelekea Mkurugenzi haya yote kwa maandishi, nikaomba ripoti isahihishwe na isomwe Hockingdale, mbele ya watu. Safari hii hayatalazwa mezani.

Asante, Des, kwa kazi na kwa kunistahi nisipostahili. Nenda kapumzike. Hukuchelewa.