Nilisoma Kipimajoto Kabla ya Wakati

Ndugu zangu wa shirika, mmezoea kuniona nikisimama hapa kanisani kusoma somo la kwanza. Leo nasimama kwa habari zangu mwenyewe, na sitataja jina la mtu. Wahusika wakijitambua, wacheke kimoyomoyo.

Mnajua nafundisha fizikia, na kwamba nilirudi chuo kikuu nikiwa tayari mama wa watoto watatu. Mmekuwa mkiniuliza: mama, lile tangi refu la chuma uani kwako lilikuwa la nini? Basi sikieni. Maji ukiyapasha moto chini na kuyapoza juu, ya chini yanakuwa mepesi na kupanda, ya juu yanashuka. Ukizidisha moto, yanaacha adabu: yanajikunja, yanagongana, yanavurugika ovyo. Siku ya kwanza nilipotia wino na kuchungulia kwenye kidirisha cha kioo, nilisahau sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, jikoni mpaka ikaungua. Ni kitu kizuri jamani! Na fujo ile yote ina sheria. Ukiongeza tofauti ya joto kati ya chini na juu, unaweza kukadiria ni joto kiasi gani litapita. Ila kuna wataalamu wanaosema fujo ikizidi sana, sheria inageuka na joto linapita kwa wingi kuliko tulivyotazamia. Wengine wanakataa. Wanabishana mpaka leo, kwa sababu jambo hilo linagusa bahari, mawingu, hata jua lenyewe.

Mimi nilitaka kuliona hapa Goma. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea tangi linalonipita kimo. Chini niliweka vyuma vya umeme vya kupasha maji, juu nikapitisha maji baridi ya ziwa. Kazi yenyewe ni kusubiri mpaka joto linaloingia chini lilingane na linalotoka juu. Hapo ndipo unaposoma kipimajoto na kuandika. Kusubiri huko ni saa nyingi sana, na umeme wa mtaa wetu mnaujua. Unakuja ukipenda, unaondoka bila kuaga.

Sasa nawaambia nililolificha. Nilianza kusoma mapema. Kipimajoto kilikuwa bado kinapanda, nikakiona kwa macho yangu, nikaandika, nikafunga daftari. Nilijiambia umeme utakatika, bora nusu shari. Nilipochora namba zangu, mstari ukapinda kwenda juu, vile vile wanavyosema wale wataalamu.

Profesa wangu, muzee mpole asiyesifu mtu hovyo, alishika karatasi ile akaisoma mara mbili. "Mama, kama hii ni kweli, dunia itasoma kazi yako." Akawaambia wenzake. Tarehe ya kutetea kazi ikapangwa, ndugu zangu wa Bukavu wakakata tiketi za boti, dada akashona vitenge vya sare. Na mimi nikanyamaza. Nililala usingizi wa mwizi, ndugu zangu, nikimtazama muzee yule akijivunia uongo wangu.

Wiki ile ile shirika letu lilikwenda kambi ya Kanyaruchinya kusaidia kupika uji kwa waliokimbia vita. Kwenye sufuria kubwa kabisa alikuwa mama mmoja wa mji wa Kiwanja, naye mkimbizi, aliyepikia watu wengi kuliko mpishi yeyote ninayemjua, bila saa na bila kipimo. Watoto walikuwa wamejipanga mstari mrefu. Uji ukatoa mapovu, nikachukua kata, nikaanza kugawa. Alinishika mkono.

"Mwalimu, unagawa sababu uji imeiva, ao sababu batu beko kwa mustari?"

"Mama, si inachemka?"

"Inachemka, ndiyo. Lakini moto ingali inalisha sufuria na maji. Unga haiyapata yake. Watoto bataumwa tumbo. Ngoja."

Nikaweka kata chini nikalia mbele ya watoto wale. Mama alidhani moshi umeniingia. Alikuwa amenisomea kosa langu lote bila kuliona tangi langu: joto nililodai limepita lilikuwa bado linapasha maji na chuma. Halikuwa limepita popote.

Jumatatu nilikwenda kwa profesa nikamwambia yote. Alivua miwani, akaikunja ile karatasi ya namba zangu, na mimi nikaona digrii yangu inaondoka. Mwishowe akasema, "Mimi nitawaambia wenzangu kwamba nilifurahi mapema. Wewe rudia kazi." Hakunitukana. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Tiketi za boti zilipotea. Vitenge vilivaliwa kwenye harusi ya mtu mwingine. Lakini kuna baba wa shirika hili, mwenye kiwanda kidogo cha barafu ambako umeme haukatiki, aliyenipa kona. Tangi lilivuka mji limelala juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo, watu wakidhani tunazika jitu. Nikalifunga magodoro ya zamani lisivujishe joto, nikasubiri kila mara mpaka namba ya chini na ya juu zikasalimiana. Mwaka mzima.

Mstari ukanyooka. Sikugundua kitu kipya, ndugu zangu. Nilikuta sheria ile ile ya zamani, na nilipoitazama ikisimama imara juu ya fujo yote ile, niliipenda kuliko ugunduzi wangu wa uongo. Siku ya kutetea, mmoja wa waamuzi aliniuliza kama ninasikitika. Nikamwambia: hapana, baba, leo nimelala.

Namshukuru muzee aliyekubali aibu kwa ajili yangu. Namshukuru baba wa barafu, na msukuma chukudu aliyekataa malipo. Mama wa Kiwanja amerudi kwao. Akisikia, ajue jina lake liko ukurasa wa kwanza wa kitabu changu cha digrii, kabla ya lile la profesa, na profesa mwenyewe ndiye aliyeliweka hapo. Na ninyi mnaoharakishwa na mstari wa watu mlangoni, nawasihi: wakilalamika, waacheni walalamike. Msiwape kibichi.