Doti Moja kwa Wawili: Kumuaga Bi Time binti Jecha

Leo, mwisho wa mwezi wa Rajabu, mwaka 1331 wa Hijra, Bi Time binti Jecha anaweka chini furushi lake baada ya miaka ishirini na miwili katika duka la nguo la Bwana Ghanim bin Amour, mtaa wa Kiponda. Sisi wenzake tumekubaliana kumsifu akiwa mzima na anasikia. Sifa za kaburini hazimfai mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kuwapelekea nguo wanawake wasiokuja dukani. Mabibi wa mitaa ya Malindi na Shangani hawatoki kwenda kuchagua kanga. Kanga ndizo ziwafuate ndani. Asubuhi Bi Time alizunguka kwao, alasiri akavuka kwenda Ng'ambo, na kila nyumba alikunywa kahawa yao na kupokea habari zao. Biashara aliiweza mno. Siku moja alimaliza furushi zima, kisha bibi mmoja akaipenda kanga aliyojitanda yeye mwenyewe, naye akaiuza. Akarudi dukani kajifunika shuka ya kuazima, anacheka peke yake njia nzima.

Kwa kuingia majikoni, alijua hali ya mji kabla ya matajiri wa forodhani. Alikuwa akitwambia kuwa mtu akibanwa, kwanza huacha udi na halua. Kisha nyama hupungua, kisha wali hugeuka muhogo. Nguo ya Idd ndiyo ya mwisho kuachwa, kwani njaa hukaa ndani na nguo huonekana na kila mtu. Bwana Ghanim aliagiza bidhaa zake kwa kumsikiliza yeye. Bi Time akisema muhogo umeingia Malindi, hariri zilirudi rafu za juu na merikani, nguo ya bei ndogo, ikashuka mbele.

Mwaka mmoja tu hakumsikiliza. Bei ya karafuu ilianguka, wenye mashamba wakafunga mikono, wachukuzi wa Ng'ambo wakakosa mizigo ya kubeba. Bwana Ghanim alikuwa ameshajaza ghala marobota ya kanga za Idd. Ramadhani ikafika nusu, hazijaguswa. Akatukusanya akatwambia kuwa zisipotoka kabla ya Idd, duka linafungwa na kila mtu atafute riziki yake. Bi Time alikuwa mjane mwenye watoto wa kulisha, naye akajibu kuwa hajapata kuona duka la nguo likifa katika mji wa watu wanaovaa.

Bwana akaona dawa ni kushusha bei. Bi Time alimkataza, lakini mpiga mbiu akatumwa mitaani. Lo, ikawa balaa! Wanawake wakaulizana kanga mpya ishuke bei Ramadhani kwa sababu gani. Wengine wakasema zimeingia maji ya chumvi jahazini, wengine wakasema zitachuja rangi kabla ya sala ya Idd. Hata wachache waliokuwa wakinunua wakaacha. Bei ikarudishwa palepale, na aibu tukabaki nayo.

Hapo Bi Time akaja na lake. Kanga huuzwa doti, pande mbili zilizoungana, na hakuna mwanamke mwenye kujiheshimu anayenunua upande mmoja. Yeye akasema wawili wanunue doti moja, waikate, kila mmoja ajitande upande mpya na chini afunge kanga yake ya zamani. Alizunguka siku nzima, akarudi kavimba miguu na furushi halijapungua. Kila mmoja alilipenda shauri lile kwa jirani yake. Wa kuanza hakupatikana, maana wa kuanza angeitwa masikini.

Basi akaenda kwa Bi Shariffa binti Khelef wa Malindi, bibi asiyechekwa na mtu. Bi Shariffa mwenyewe ameturuhusu tuyaandike haya. Bi Time alimwamkia, akakaa, akamwomba wakate doti moja wao wawili, yeye bibi mwenye nyumba na Bi Time mchuuzi akaaye Ng'ambo. Neno zito hilo. Angekasirika, milango yote ya Malindi ingefungwa, na duka pamoja nayo. Bi Shariffa akamwita mtumishi alete mkasi, akaikata kanga kwa mkono wake. Kama dhiki ya karafuu ilikuwa imemgusa na yeye, Bi Time hakuuliza, na mpaka leo Bi Shariffa hajasema.

Jioni ya pili yake Bi Shariffa alifuturisha wanawake wa mtaa. Aliwapokea kajitanda upande wake, akamkalisha Bi Time ubavuni pake kajitanda wa pili. Asubuhi watu walijaa mlangoni kwetu. Dada na dada, mke na wifi, jirani na jirani, kila wawili na doti yao. Siku ya Idd ukimwona mmoja uwanjani Mnazi Mmoja, humkosi mwendani wake karibu, nguo sare, wanatembea kwa maringo. Ghalani palibaki kamba za marobota.

Bwana Ghanim alitaka kumwongeza mshahara. Bi Time akakataa, akaomba badala yake kuwa mwaka wowote mgumu asifukuzwe mtu dukani humu. Kikipungua chakula, tupunguziwe sote sawasawa. Bwana akaweka ahadi. Miaka migumu imekuja tena, tumekula muhogo pamoja na yeye, na ahadi ipo.

Bi Time, tunakushukuru, na roho zinatuuma kukuacha uende. Mungu akupe afya, akukalishe raha mustarehe na wajukuu zako, na kila mlango wa mji huu ukufungukie kama zamani. Tangu mwaka ule hakuna aliyeondolewa kazini humu. Wewe ndiye wa kwanza kutoka, na unatoka kwa kupenda kwako.

Msabah bin Nahodha, mpima nguo, kwa niaba ya wenzake wote