Siku Nilipoinuliwa Mkekani

Mwezi wa nne mwaka wa 1983, mvua zikiwa kali, nilimpoteza bwana wangu. Alikuwa dereva wa lori. Lori liliteleza kwenye barabara ya Mongbwalu, likaangukia bondeni, na yeye hakutoka. Walimleta Bunia kesho yake, amefunikwa kwa turubai ileile aliyokuwa akifunikia mizigo. Tulikuwa hatujajaliwa mtoto.

Wamama wajane wenzangu, na ninyi wababa mliosimama nyuma, mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Shule yangu iliishia darasa la sita. Padri ameniomba nieleze namna nilivyosimama tena, basi nitaeleza jinsi mambo yalivyofuatana. Majina sitataja, kwa kuwa mengi mnayajua.

Kabla ya msiba huo nilikuwa ninacheza basketi. Mnacheka? Chekeni, hata mama yangu mzazi alicheka. Kwenye kiwanja cha simenti, pale shuleni kwa masista, kulikuwa na ekipe, timu, ya wasichana na wanawake vijana, na aliyetufundisha alikuwa Mrusi. Bwana wake ni munganga, yaani daktari, mtoto wa hapa Ituri, aliyekwenda kusoma kule kwa Warusi akarudi na mke. Watoto wa mtaa wa Lumumba walikuwa wakimfuata barabarani wakiimba, "Madame Mulingoti! Madame Mulingoti!" kwa sababu ya urefu wake. Naye alikuwa anawapungia mkono kama mtu anayesalimiwa vizuri.

Huyu Madame kwao alikuwa mchezaji wa kuishi kwa mpira. Alituambia kwamba jina lake liliandikwa kati ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, lakini kiwandani hakushika hata sindano. Kazi yake ilikuwa mpira, asubuhi na jioni, na kusafiri kwa treni kwenda kucheza miji ya mbali, theluji ikiwa imejaa madirishani. Kiswahili alijifunzia kwetu, hapohapo kiwanjani, kwa hiyo alikuwa anatugombeza kwa maneno yetu wenyewe.

"Weye! Unacheza ao unapika bugali?"

"Madame, mikono inauma."

"Mikono ya nani haiumi? Rusha!"

Nilimpenda. Bwana wangu naye akirudi safari alikuja kusimama kando ya kiwanja na vumbi lake lote mwilini, anapiga makofi hata nikikosa.

Sasa turudi kwenye kilio. Kwa watu wa bwana wangu, mjane anakaa chini kwenye mkeka. Hasuki nywele, hapigi kelele, hatoki uani bila kusindikizwa. Kilio kinapokwisha, mama mkwe wake anampashia maji, anamwogesha, anamnyoa, anamvika kitenge kipya, kisha anamshika mkono na kumsimamisha. Hapo anakuwa huru kubaki au kurudi kwao. Asipoinuliwa na mama mkwe, hainuliwi na mtu mwingine.

Wakati wa kilio kila mtu alileta kitu: kuni, unga, maharagwe, sukari ya kahawa. Madame alileta mpira.

Ndugu zangu, nawaambia, kila kichwa uani kiligeuka. Shangazi wa bwana wangu alisimama, mikono kiunoni.

"Huyu anakuja na mupira kwa kilio? Tucheze na maiti?"

"Ni ya dada," Madame akasema, akininyooshea kidole. "Ashike tu. Mikono isikae bule."

"Mikono yake iko na kazi ya kulia!"

Shangazi aliuchukua mpira ule akautupa ndani ya banda la mbuzi. Nilidhani Madame hatarudi tena. Kesho yake alirudi mikono mitupu, akakaa kwenye ukingo wa mkeka wangu. Goti lake moja lilikuwa halikunjiki, kwa hiyo mguu ulinyooka hadi katikati ya njia, na kila mwenye kupita na sufuria alilazimika kuuruka. Watu walilalamika. Yeye alisema pole, asiuondoe, maana hapakuwa na pa kuuweka.

Tangu hapo alikuja mara kwa mara. Hakunihubiria. Alikuwa anachambua maharagwe pamoja nasi, vibaya, akitupa mazuri na kubakiza mawe.

Basi watu wakatawanyika, kilio kikazeeka. Misa ya arobaini ikasomwa. Mimi nikangojea maji yapashwe. Hayakupashwa. Wiki ile ikapita, na mwezi, na mavuno ya maharagwe, na mimi bado niko chini. Kaka zangu walitoka kwetu Mahagi kunichukua, wakakuta sijainuliwa, wakarudi peke yao, maana huwezi kumwondoa mjane kutoka kwenye mkeka wa watu. Nilikonda. Nilianza kuona kwamba hata mimi ninafaa kuwa chini. Asubuhi nilikuwa ninaamka na kujiuliza kwa nini nimeamka. Nasema hivyo kwa sababu najua baadhi yenu mmefika huko.

Kumuuliza mama mkwe, nani angeweza? Si mimi, mkwe wake. Si majirani, maana mtu haulizi mwenye msiba atamaliza lini. Yeye mwenyewe alikaa mlangoni kwenye kiti kifupi, ananitazama, ananiletea chakula kizuri, anaondoa sahani ikiwa imejaa.

Siku moja mchana Madame akauliza. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya ndizi.

"Mama, arobaini ilikwisha zamani. Kwetu pia iko arobaini. Watu wanakula, wanalia, wanakwenda. Sababu gani huyu mutoto angali chini?"

Nilifunika uso. Nilitamani ardhi inimeze. Nilifikiri mama mkwe atamfukuza. Lakini akajibu, polepole, kama anayejibu mtu wa nyumbani.

"Nikimusimamisha, atakwenda kwao. Hana mutoto wa kumufunga hapa. Na siku ataenda, mutoto yangu atakuwa amekufa kabisa. Sasa angali muzima kidogo. Muke yake iko hapa, anamungojea."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nikifikiri ananichukia.

Madame aligusa goti lake lile. Akasema, "Mama, nikuambie habari ya hii." Akamweleza jinsi alivyoanguka uwanjani, mbele ya watu wengi, goti likageuka. Waganga walimwambia hatacheza tena. Lakini mzee aliyekuwa akiwafundisha, aliyemlea tangu akiwa msichana, alikataa. Jezi yake aliiacha imetundikwa mahali pake, asimpe msichana mwingine. Kila mchezo alimwambia aivae akae benchi.

"Nilikaa, mama. Sichezi, siendi. Kila mara ninavaa nguo ya kucheza, ninakaa. Muzee alinipenda sana. Mimi nilikuwa ninaoza."

"Halafu?"

"Halafu siku moja akaitoa, akapatia mutoto mwingine. Alilia, yule muzee, mbele ya ekipe yote. Mimi nilimukasirikia sana. Nilitoka mule, nikaenda hospitali wanyoshe goti, na pale kulikuwa mwanafunzi mumoja mweusi anajifunza uganga." Akacheka kidogo. "Ndiyo namna niko hapa ninachambua maharagwe."

"Unachambua mubaya," mama mkwe akasema.

Asubuhi iliyofuata nilisikia kuni zinapasuliwa. Nikasikia maji yanamiminwa kwenye sufuria kubwa. Aliniogesha mwenyewe, nyuma ya nyumba. Wembe ulimteleza, akanikata kidogo juu ya sikio. Akanivika kitenge, akanirudisha mkekani ili aniinue kutoka pale. Akanishika mkono.

"Simama, mama. Nimechoka kukuangalia hapo chini."

Akavuta. Akavuta tena. Nikasimama.

Nawaambia jambo ambalo watu hawalisemi. Baada ya kunisimamisha, yeye alikaa palepale, kwenye mkeka, mahali pangu pangali na joto. Desturi yetu inajua kumwinua mjane. Mama aliyezika mtoto, hakuna desturi inayomwinua.

Kaka zangu walikuja tena. Niliwaambia sitarudi Mahagi sasa. Mama mkwe alisikia, hakuinua kichwa. Nikaanza tena kwenda kiwanjani. Mwanzoni sikuweza kukimbia. Madame alinipa kazi ya kurusha mpira ukutani na kuudaka, basi. Munganga alipohamishiwa Kisangani, Madame akaniachia filimbi na wasichana. Hadi leo ninawafundisha, na ninawagombeza kama alivyotugombeza.

Ninamshukuru Mungu. Ninawashukuru ninyi wa kikundi hiki mlioniletea kuni bila kuitwa. Ninamshukuru Madame, popote alipo, ambaye hakujua adabu zetu zote, akauliza. Na fundisho langu ni dogo: ukimwona mtu amekaa chini muda mrefu, usiseme ni desturi ukapita. Kaa naye, hata ukiziba njia. Na umtazame pia yule aliyemkalisha, labda yeye ndiye aliyeumia zaidi.

Mama mkwe wangu hajawahi kutoka kwenda kwenye mkutano wa watu tangu mwaka ule. Sokoni mimi ndiye ninayekwenda. Hata misa alikuwa anaisikiliza kutoka uani, kengele zikilia. Leo asubuhi nilimwambia ninakuja hapa kuwaelezea habari za mwanawe. Nilikuwa nimeshafika kwenye mlango wa ua.

"Ngoja," akasema. "Nivae viatu."

Tulitembea polepole, nimemshika mkono. Tulipofika kwenye ngazi pale nje, aliuachilia, akapanda mwenyewe, akaingia wa kwanza.