Gobore Lililorudi Fupi

Kijiwe cha Ibadakuli kina benchi moja, birika moja na jiko la mkaa, na asubuhi hiyo walipomwona Bujiku akija, wanywaji kahawa wote walisogea kumpisha. Usiku fisi alikuwa ameingia zizini akamla mtamba wake mwenye mimba, na gobore la marehemu baba yake likapiga kelele tu. Gobore hilo alikuwa amemwazima shemeji yake, Masele, alindie mahindi. Lilirudi limepungua karibu nusu mkono, na Masele mwenyewe alikuwa pale benchini.

— Nani alikutuma ukate mtutu?

— Lilinisumbua kwenye pikipiki, shemeji. Halafu bomba likiwa fupi, goroli haichoki njiani.

Masudi, wanayemwita Injinia kwa sababu anaziba pancha, akadai mtutu hauna kosa, baruti ndiyo ilikuwa kidogo. Bujiku akamwambia alishindilia mara mbili. Moto ulimwagika mdomoni mwa gobore, zizi likawa mchana, goroli ikamgonga fisi ubavuni ikadondoka. Fisi akageuka kumtazama.

— Baruti inataka njia ya kuungulia, Injinia bwege wewe. Mtutu mrefu, inaisukuma goroli mpaka mwisho. Huyu shemeji kaikatia njia, imeungulia nje.

— Basi leo shindilia mara tatu.

— Inipasukie usoni? Njoo ushike wewe.

Injinia akahamia kwenye hewa: tangu ndege zianze kutua hapa imekuwa nzito, hata goroli inapita kwa taabu. Masele akaitikia haraka kwamba na yeye aliliona hilo. Hatibu, muuza kahawa, ambaye kwa kawaida hamwachii mtu amalize sentensi, alikuwa ameinama anapuliza mkaa kwa bomba lake.

Ndipo akafika Lusia, bibi mifugo wa kata, aliyeitwa kuukagua mzoga. Akawaamkia, akasikiliza kidogo.

— Na kile kipande kilichokatwa kiko wapi?

Masele akatazama kandambili zake. Injinia akanywa kikombe kilichokwisha kuwa tupu. Hatibu akaacha kupuliza.

Bujiku akamnyang'anya bomba. Lilimchoma vidole, hakuliachia. Akalisugua majivu kwa shati mpaka alama ambayo baba yake aliichonga kwenye mtutu ikaonekana, kisha akaliweka jichoni. Upande wa pili alikuwepo Masele.

— Fisi leo anarudi, na zizini kumebaki ndama. Utalala mlangoni wewe, shemeji. Gobore nitakupa hilohilo fupi.